Kichaka cha Bibi Wray

Mchoro wenyewe haukuzidi ukubwa wa sinia la chai. Inspekta Amos Threlkeld aliuegemeza kwenye dirisha la ofisi yake, akarudi nyuma hatua tatu, akautazama mpaka chai yake ikapoa.

Ulikuwa mchoro wa wino wa magofu ya Abasia ya Hallinbeck, nyumba ya kale ya watawa, yakitazamwa kutoka upande wa mto. Mistari ilipigwa kwa kalamu ya nibu, myembamba kama unywele. Kisha wino uleule ulizimuliwa kwa maji ukapakwa kwa brashi, mahali pengine mwepesi kama moshi, pengine mzito kama masizi ya chungu. Katikati lilisimama dirisha kuu la mashariki, refu, limechongoka juu kwa mtindo wa Kigothi, halina kioo hata kimoja. Kando yake nguzo zisizobeba paa. Kulia, mnara wa kaskazini na mlango wake mdogo.

Nyuma ya mlango huo, Alhamisi, alikutwa Jonas Alderson, mlinzi wa magofu, amelala chini ya ngazi, shingo imevunjika. Daktari alisema hakuanguka tu. Kisogoni alikuwa na jeraha la kitu kizito na bapa. Alikufa kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na daktari hakukubali kuubana muda huo zaidi.

Leo ilikuwa Jumamosi. Sajini Nora Pickersgill aliingia bila kubisha.

"Afande, Mrakibu amepiga tena. Anataka Silas Cowgill asomewe mashtaka ya kuua saa kumi jioni. Anasema hataki kusikia neno 'subiri'."

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba uko chooni."

"Akipiga tena mwambie tumbo limechafuka."

Nora hakucheka. Mwaka huo, 1956, wauaji walikuwa bado wananyongwa, na Silas Cowgill alikuwa chini ya sakafu waliyosimama, katika chumba cha pili cha mahabusu, hajala tangu alipokamatwa.

Kesi dhidi yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Silas alikuwa shemeji wa marehemu. Dada yake, Hannah, ndiye mke wa Jonas. Mwezi mzima wanaume hao wawili walikuwa hawasemezani kwa sababu mbwa wa Jonas aliua wanakondoo watatu wa Silas. Alhamisi saa sita na robo mchana tarishi alimwona Silas akiingia kwenye magofu. Saa sita na nusu alimwona akitoka, uso umemwiva. Silas mwenyewe alisema alibisha mlango wa mnara, akaita, hakujibiwa, akatukana, akaondoka.

Mtu mwingine aliyekuwa na kazi pale ni Gilbert Raistrick, mwashi mkuu aliyepewa kazi ya kukarabati kuta. Yeye ndiye aliyeikuta maiti, saa saba na nusu. Alisema aliondoka na lori lake saa nne kamili kwenda machimbo ya mawe ya Cotterfell, ng'ambo ya mlima, mwendo wa nusu saa, wala hakurudi kabla ya hapo. Wachimbaji walithibitisha kwamba walikula naye chakula cha mchana. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi.

"Na mchoro unamuunga mkono," Nora alisema. "Bibi Wray, aliyeuchora, alikaa pale mtoni Alhamisi kuanzia saa nne kasoro robo. Raistrick huegesha lori lake kando ya ukuta wa bustani kila siku ya Mungu. Kwenye mchoro hakuna lori. Basi lilikuwa limeondoka, kama anavyosema."

"Vaa koti," alisema Threlkeld. "Twende tukaone kama Bibi Wray ni shahidi mkweli."

*

Kule magofuni upepo ulikuwa ukivuma kutoka mtoni na kunguru wamejaa juu ya mnara. Threlkeld alitafuta mahali pa kiti cha Bibi Wray, akapata mashimo manne ya miguu ya kiti kwenye majani mabichi. Alichuchumaa hapo, mchoro mapajani.

"Soma, mimi nahesabu," alisema Nora.

"Nguzo upande wa kushoto."

"Sita, na ya saba imekatika."

"Sita, na ya saba imekatika. Nyufa za mnara?"

"Mbili. Moja inaanzia kwenye tundu la njiwa."

"Ipo. Vichwa vya mawe chini ya tao la dirisha?"

Nora alisogea mbele, akainua shingo. Zilikuwa sura ndogo za watu, kila moja kubwa kama kabichi, zilizochongwa na watawa miaka mia saba iliyopita.

"Vitano."

"Vitano." Threlkeld alikuna kidevu. Bibi yule alikuwa hakosei hata ufa. "Sasa kushoto chini. Ukuta wa bustani, na mbele yake kichaka kikubwa."

Nora alitazama ukutani, akatazama tena.

"Nora?"

"Hakuna kichaka, Afande."

Threlkeld aliinuka, akatembea mpaka ukutani. Palikuwa na majani yaliyolala, alama za magurudumu za siku nyingi, na hakuna kisiki wala mzizi uliong'olewa. Alirudi kwenye mchoro, akausogeza karibu na pua. Mistari ya mawe ya ukuta ilitoka kulia ikafika kwenye kichaka, ikakoma. Ikaanza tena upande wa pili. Ndani ya kichaka, chini ya wino uliopakwa, hapakuwa na mstari wa jiwe hata mmoja.

"Angechora ukuta kwanza kisha akapaka kichaka juu yake, mistari ingeonekana," alisema. "Wino wake huu mwepesi haufichi kitu. Ukuta hakuuchora hapa kwa sababu hakuuona. Pima."

Ukuta ulikuwa na viegemeo vya mawe kila baada ya hatua kadhaa. Kwenye mchoro pengo lilianzia kiegemeo cha tatu, likaishia kidogo kabla ya cha tano. Nora alipita hapo kwa miguu, akihesabu kwa sauti.

"Hatua saba na nusu."

"Lori la Raistrick lina urefu gani?"

Nora alimtazama, akafunga kifungo cha koti lake, wakaelekea kwenye gari.

*

Bibi Augusta Wray alikuwa na miaka sabini na minane na sikio moja zima. Aliwakalisha jikoni, akawakatia keki ya zabibu kavu na kipande cha jibini juu yake, kama ilivyo desturi ya kwao, na alipoona mchoro wake mikononi mwa Inspekta, aliupokonya.

"Unashika kwa vidole vya mafuta. Kwenu hamfunzwi?"

"Samahani, Bibi. Nina swali moja kuhusu kichaka hiki."

"Kina nini?"

"Hakipo."

Bibi Wray alikunywa chai yake polepole. Mashavu yalimwiva kidogo.

"Sikuwaambia uongo," alisema. "Polisi mwenzenu alikuja hapa akaniuliza, 'Ulimwona mtu?' Nikamwambia sikumwona mtu. Sitazami watu, natazama mawe. Hakuniuliza habari za kichaka."

"Nakuuliza mimi sasa."

"Basi ni lile dubwana la Raistrick." Aliweka kikombe chini. "Lori la kijani, limebeba magunia ya chokaa. Wewe ungeliweka lori kwenye abasia? Miaka arobaini nachora pale, na kila kilicho kibaya nakipandia kichaka. Choo cha wageni nilikipandia. Mkuu wa wilaya alipojenga kibanda cha tiketi, nikakipandia pia. Mawe siyagusi. Mawe nayachora yalivyo, jiwe kwa jiwe."

"Lilikuwepo ulipofika?"

"Lilikuwepo. Nikajiambia, Augusta, subiri, litaondoka. Nikachora kila kitu kwa kalamu, nikaacha nafasi yake tupu. Nikapaka mnara, nikapaka dirisha, nikapaka anga. Bado limekaa kama ng'ombe aliyevimbiwa. Mwisho nikakata tamaa, nikachovya brashi, nikapanda kichaka. Hapo hapo mvua ikanishukia."

Threlkeld aliacha kutafuna.

"Mvua ilikushukia ukipaka kichaka?"

"Kwani huna macho? Tazama." Kidole chake chenye doa la wino kilielekea kwenye kichaka. Katika weusi wake yalikuwapo madoa madogo meupe ya duara, kama alama za ndui. "Tone la maji likiangukia wino mbichi, linausukuma pembeni. Ukishakauka, tone halifanyi kitu. Anga limekauka, halina doa. Mnara hauna. Kichaka tu. Nilidhani kimeharibika, lakini kusema kweli kinapendeza, kama majani yanayometa."

Nora alikuwa anaandika kwa kasi.

"Na lori?" aliuliza Threlkeld.

"Nililiacha palepale. Nilitia mchoro chini ya koti nikakimbia, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyokimbia."

"Bibi, saa ngapi hiyo?"

"Mimi sivai saa. Muulize Kasisi, yeye mvua haimnyeshei bila kuiandika kitabuni."

Inspekta alisimama kuondoka. Kwenye ukuta wa jikoni ilitundikwa michoro mingine ya abasia, kumi au zaidi, kila mmoja na mwaka wake. Aliusogelea ule wa mwaka uliopita. Alihesabu chini ya tao la dirisha, akahesabu tena.

"Bibi, mwaka jana vichwa vya mawe vilikuwa vinane."

"Vilikuwa vinane tangu enzi za watawa. Sasa ni vitano." Sauti yake ilishuka. "Nilimwambia Jonas. Jumatano jioni, pale langoni. Alidhani vilishushwa visafishwe. Nikamwambia jiwe halisafishwi miezi mitatu. Akasema atamuuliza Raistrick kesho yake asubuhi." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtuma."

"Ulimwambia mlinzi kwamba anaibiwa," alisema Threlkeld. "Hakuna zaidi ya hilo ulilofanya. Mchoro nauchukua. Usiku wa leo utalala kwenye sanduku la chuma."

"Ushikwe pembeni," alisema Bibi Wray.

*

Kasisi aliwafungulia kitabu chake cha mvua mlangoni, leso ya chakula ikiwa bado shingoni. Alhamisi: manyunyu mazito, yalianza saa sita kasoro dakika ishirini, yakakoma saa sita kasoro dakika kumi. Siku nzima hapakunyesha tena.

Kituoni, Threlkeld alipiga simu machimbo ya Cotterfell. Msimamizi wa pale alikuwa mtu wa kupiga kelele, na Nora alimsikia akiwa upande wa pili wa meza.

"Mvua? Huku? Alhamisi tulikuwa tunalipua baruti, Inspekta. Ingenyesha tone moja tungesimamisha kazi. Vumbi tupu mpaka jioni."

"Na Raistrick alipofika, uliona chochote cha ajabu kwenye lori lake?"

Kicheko kilitoka kwenye simu. "Kila mtu aliona. Magunia yake ya chokaa yalikuwa yanafuka moshi. Tulimwambia, Gilbert, ama umeleta treni, ama unatupikia uji humo. Hakucheka. Alikasirika, akayamwaga magunia manne shimoni."

"Ilikuwa kabla ya chakula au baada?"

"Ndiyo kwanza tumefungua vyakula vyetu. Saa sita na nusu hivi."

Threlkeld aliweka simu chini. Chokaa ambayo haijazimwa ikiguswa na maji huchemka yenyewe, na kila mwashi analijua hilo kabla hajajua kushika mwiko.

"Raistrick ana miaka thelathini katika kazi hii," alisema. "Turubai lake liko nyuma ya kiti cha dereva. Mvua inaanza, chokaa iko wazi, na yeye hatoki kuifunika. Dakika kumi nzima. Alikuwa ameshika nini mkononi, Nora, kizito kuliko hasara hiyo?"

"Ni saa nane na robo, Afande. Anakuja saa nane na nusu kutia sahihi maelezo yake."

"Mtilie chai. Na kwenye mlango wa nyuma akae mtu."

*

Gilbert Raistrick alikuwa mtu mpana, mikono imepasukapasuka kwa chokaa, mwenye tabia ya kukaa kitini kama mwenye nyumba. Alisoma maelezo yake, akachukua kalamu.

"Kabla hujatia sahihi," alisema Threlkeld, "saa nne uliondoka. Ni saa nne kweli?"

"Saa nne. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia."

"Ukafika Cotterfell saa nne na nusu."

"Nikapanga foleni. Kule foleni ni kama ya nyama."

"Na chokaa yako ikalowa."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. "Nani kasema?"

"Watu waliokuambia unapika uji."

"Oh, hilo." Raistrick alitabasamu. "Kulinyesha kule machimboni. Vitu vya mlimani, mzee, huwezi kuvikisia."

"Kule hakukunyesha. Walikuwa wanalipua baruti."

"Njiani, basi. Sikumbuki. Mvua ni mvua."

"Mvua ilinyesha mara moja tu, upande huu wa mlima, kuanzia saa sita kasoro dakika ishirini. Saa hiyo wewe ulikuwa kwenye foleni."

Raistrick aliweka kalamu chini. Nora, aliyesimama karibu na mlango, aliona jinsi alivyoiweka, taratibu, sambamba na ukingo wa meza.

Threlkeld alifunua mchoro, akaushika pembeni. "Hiki ni nini?"

"Abasia."

"Na hiki, hapa kushoto?"

"Kichaka."

"Ni lori lako."

Mwashi alicheka kwa sauti. "Bwana Inspekta, kwa heshima yako, mpelekee jaji kichaka hicho. Nitakuja kushuhudia mwenyewe."

"Nitampelekea. Nitampelekea na pengo la hatua saba na nusu kwenye ukuta, na lori lako tumelipima sasa hivi hapo nje, ni hatua zilezile saba na nusu. Nitampelekea madoa ya mvua kwenye wino uliokuwa mbichi, na kitabu cha Kasisi, na watu ishirini walioona magunia yakifuka mahali ambapo hakukunyesha. Na huu." Alifunua mchoro wa pili, wa mwaka jana, aliokwenda kuuazima Nora baada ya simu ile. "Hesabu vichwa."

Raistrick hakuhesabu. Alitazama tu.

"Ndani ya saa moja," Threlkeld aliendelea, "askari wangu watakuwa ghalani kwako. Nadhani viwili umeshauza. Cha tatu hukuwa na wakati wa kukiuza, kwa sababu Jonas alikikuta Alhamisi asubuhi ndani ya mnara, kimefungwa kwenye gunia. Ninakosea wapi?"

Mtu alipita nje na baiskeli. Raistrick alizifikicha ngozi zilizopasuka kwenye vidole vyake, akaanza kusema akiitazama meza.

"Hakutaka kukiachia. Nilimwambia, Jonas, ni jiwe tu, lina sura mbovu na pua imeliwa na mvua, nani atalikosa? Akasema yeye atalikosa. Amelikumbatia kama mtoto mchanga. Nikalivuta. Akageuka ashuke ngazi kwenda kupiga simu, na mwiko mkubwa ulikuwa mkononi mwangu." Aliificha mikono chini ya meza. "Mvua ilikuwa inapiga mlango. Nilisikia chokaa inaanza kuchemka huko nje na nisingeweza kutoka, kwa sababu yule bibi kizee alikuwa mtoni."

"Alikuwa ameshaondoka," alisema Threlkeld.

"Sikujua."

"Na Silas Cowgill? Siku mbili umelala kitandani kwako, ukijua yuko chini humu."

Nora alimsomea haki zake, akaandika saa: nane na dakika hamsini. Kisha akaenda kumpigia Mrakibu.

*

Hannah Alderson alifungua mlango kabla hajabishiwa. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kuazima, pana mabegani. Tangu Alhamisi alikuwa hajakanyaga kituoni, na mbele ya majirani alikuwa amesema atakwenda kumtazama kaka yake siku ya kuhukumiwa kunyongwa, tena atakaa mstari wa mbele.

Threlkeld alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kuongeza wala kupunguza. Alimwambia Jonas alikufa akilinda alichowekwa kukilinda. Alimwambia Silas alipofika na kupiga kelele mlangoni, hakukuwa tena na mtu wa kumsikia.

Hannah alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshamwambia Silas?"

"Bado. Nilitaka kukuambia wewe kwanza."

"Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Alivaa koti njiani, mkono mmoja ukikataa kuingia, wala hakukubali kusaidiwa. Kituoni sajini wa zamu alimpa Threlkeld bahasha ya vitu vya mahabusu: kisu cha mfukoni, mkanda, kamba za viatu. Hannah aliichukua bahasha mkononi mwake, akateremka ngazi mbele yao.

Silas Cowgill alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mabuti yameachama miguuni. Alipomwona dada yake alisimama, kisha akaonekana kutojua kama anaruhusiwa kusimama, akaketi tena.

"Hannah, mimi siku—"

"Najua. Wamempata. Ni Raistrick." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nyoosha mguu."

"Nini?"

"Mguu, Silas. Utatembeaje mpaka nyumbani na mabuti yamefunguka?"

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akatoa kamba kwenye bahasha, akaanza kuzipitisha tundu kwa tundu. Tundu la nne lilimshinda. Silas aliinama, akamshikia ncha ya kamba, wakaipitisha pamoja.

Threlkeld aliuacha mlango wazi, akapanda juu kwenda kuandika ripoti yake.